Usiichome Mikanda

Kisumu,
Jumapili jioni

Omera,

Barua yako imenifikia, na swali lako nimelisoma mara tatu. Unasema mnahama ile nyumba ya Section 58, watoto wamekuja kufungasha, na darini wamekuta makasha matatu ya mikanda ya video ya enzi zetu za kamera. Mwanao akauliza ni ya nini, ukakosa la kumjibu. Sasa unaniuliza mimi: uitie moto au uniletee?

Usiichome. Angalau usiichome mpaka umalize kusoma barua hii, maana humo darini kuna jambo langu la aibu ambalo nimekuficha kwa muda mrefu.

Nianze na hali ya kwangu. Nina mikanda 210 chumbani, na isiyozidi 40 ndiyo yangu. Iliyobaki ni ya watu. Tangu isikike mtaani kwamba kwa mwalimu mstaafu kuna deki inayocheza, anayefiwa analeta, anayehama analeta, hata anayepaka rangi sebule yake analeta. Wanasema tu, "Tunzia huku, mwalimu," na hawarudi. Nimekuwa jalala lenye adabu. Mama watoto ameshanipa notisi: ama mikanda, ama kitanda cha wageni.

Deki zenyewe ziko nne, inayocheza moja. Tatu ni za kung'olewa vipuri: mpira wa kuzungushia, kile kigurudumu kinachovuta utepe, vichwa vya kusomea utepe. Fundi wangu wa Kibuye, aliyekuwa akifungua deki huku anapiga hadithi na wateja watatu, siku hizi anatengeneza simu. Nikimpelekea deki ananicheka kwanza, ndipo anatafuta bisibisi. Simlaumu. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. JVC walikuwa wameitoa mashine hiyo mwaka 1976. Hesabu mwenyewe: miaka 40, basi. Sisi wawili tumeizidi umri.

Na ukungu je! Wewe huko Nakuru uko juu, kuna baridi, huenda mikanda yako ni mizima kuliko yangu. Hapa ziwa linapumulia ndani ya nyumba. Kabla ya kutia mkanda dekini nainua kile kifuniko na kumulika tochi ukingoni mwa utepe. Nikiona unga mweupe, nauweka kando, kwa sababu ukungu ule unabaki kwenye vichwa vya deki na kuhamia mkanda unaofuata. Somo hili nililipata kwa kuharibu mikanda mitatu mchana mmoja, na mmoja wao ulikuwa wa harambee ya kanisa lenu.

Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo mwaka 2015: mikanda ya sumaku ambayo haitakuwa imenakiliwa kidijitali kufikia 2025, mingi haitaokoka. Hofu yao haikuwa utepe peke yake. Walihofia mashine za kuuchezea, na watu wanaojua kuzirekebisha. Niliposoma nilimkumbuka fundi wa Kibuye. Mwaka wao huo umeshatupita, nami nina deki moja.

Lakini sisi mbona tulizoea mkanda kufa mikononi? Unakumbuka yule mzee ambaye mwanawe alioa Marekani akamtumia mkanda wa harusi? Ukoo mzima ulikusanyika, mbuzi akachinjwa, tukaletwa mimi na wewe kama madaktari. Picha ikawa inaruka, haina rangi, bibi harusi anapanda juu ya skrini na kutokea chini. Mkanda ulikuwa mpya kabisa. Kosa lake ni kuandikwa kwa mfumo wa NTSC, mistari 525 na picha kama 30 kwa sekunde, na deki yetu ilijua PAL tu, mistari 625 na picha 25. Mzee alitutazama sisi kama wachawi. Nadhani mpaka leo nyumba ile inaamini tuliuharibu sisi.

Sasa lile la aibu.

Mwaka 2007 nilinunua kompyuta yenye kuandika DVD. Kila mtu alisema DVD ni ya maisha, haina ukungu, haina vichwa, haitafunwi na deki. Nikanakili mikanda kama 30, nikazipanga hizo DVD dirishani kwa fahari, na mikanda yenyewe nikaitupa. Mmoja wao ulikuwa wa harusi yenu, ule ulioniachia ulipohamia Nakuru. Nakumbuka nilikuandikia kwamba harusi yenu sasa iko salama.

Mwaka jana nilitaka kukunakilia kwenye flashi, niwatumie kama zawadi. Nikaitia ile DVD. Mashine ikazunguka, ikakoroma, ikaitema. Nikajaribu mashine ya jirani, ikaitema. Zile diski za kuandikia nyumbani picha yake inakaa kwenye rangi fulani iliyopakwa ndani, na rangi hiyo huliwa na joto na mwanga. Mimi nilizianika dirishani upande wa ziwa, jua la saa tisa likizipiga kila siku kwa miaka. Kati ya 30 zinasomeka 11. Yenu haimo. Na mikanda niliyoichelewesha kuitupa, ya miaka ileile ya themanini, bado inacheza.

Najua unachokiwaza, maana nami ndicho ninachokiwaza. Mle ndani mama yako alisimama akahutubia. Alianza kwa Dholuo, akakumbuka wakwe wametoka Nakuru, akageukia Kiswahili chake kile cha sokoni. Watu wakacheka, akanyamaza mkono kiunoni kuwangoja wamalize, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Picha zake nyingi ninazo. Zote ziko kimya. Sauti yake sijui kama iko popote pengine.

Nisamehe, omera. Nilishindwa kukuandikia mpaka uliponiuliza habari ya moto.

Ukiniuliza kama nitaendelea kukusanya, hapana. Tangu Februari sipokei mkanda usio na mtu. Anayeuleta lazima aketi nami auangalie, naye aje na mkubwa wao mmoja. Mkanda wa E-180 ni saa tatu, na kuunakili ni saa tatu vilevile, hakuna njia ya mkato, kwa hiyo chai ya kutosha ipo, labda stima ipotee. Mimi nina daftari la kurasa 200. Wanaotajwa nawaandika, na dakika waliyotokea.

Hili lilinijia alipokuja mama mmoja wa Dunga na mkanda wa matanga ya mumewe. Vichwa vilikuwa vichafu, skrini yote chengachenga nyeupe kama theluji, ila sauti ilikuwa safi kwa kuwa inasomwa na kichwa chake kingine. Nikataka kusimamisha nisafishe kwa spiriti. Akanizuia. Akawa anasikiliza tu na kutaja: huyu ni fulani, alikuwa na kigugumizi, huyu anayelia si wa kwetu, alikodiwa, huyo ndiye aliyempokea mtoto wangu wa pili. Majina kama 20 hivi kutoka kwenye theluji. Kijana wake aliyemleta hakumjua hata mmoja. Nilirudi chumbani nikaitazama ile mikanda mingine 200. Mingi inacheza vizuri sana, picha nzuri, watu wamejaa uwanjani, na mimi siwajui, na aliyewajua nilimzika mwezi uliopita au mwaka juzi. Nilikuwa nakimbizana na deki huku watu ndio wanaokwisha mbele yangu.

Mpwa wangu anasema niitie yote YouTube nipumzike. Harusi sawa, wenyewe wakikubali. Matanga sithubutu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiambiwa uisogeze kamera mpaka usoni mwa maiti. Ulipiga kwa ajili ya ndugu aliyekosa nauli, si kwa ajili ya mtu wa Brazil anayekunywa kahawa.

Basi, ombi langu. Ule niliotupa ulikuwa nakala. Mkanda mama, ule uliotoka kwenye kamera kabla hatujakata, ulibaki kwako, kwa sababu ulikuwa bahili wa mikanda kuliko mtu yeyote niliyemjua. Huutoi, huuzi, huazimi. Tatizo ni kwamba ulikuwa pia huoni taabu kurekodi juu ya kilichomo. Harusi yenu ilikuwa Agosti 1987. Desemba yake Gor Mahia, timu yetu ya mpira, wakacheza fainali ya Kombe la Washindi la Afrika na Esperance ya Tunisia, wametoka sare ya 2-2 Tunis, wanasubiriwa uwanja wa Kasarani, Nairobi, na wewe ukachomoa mkanda wowote uliokuwa karibu, ukautia dekini. Ikaisha 1-1, kombe likaja kwa mabao ya ugenini, mtaa mzima ukapiga kelele mpaka asubuhi. Sijawahi kuthubutu kukuuliza mkanda ule ulikuwa upi.

Kwa hiyo pekua. Tafuta ubavuni kalamu nyekundu, mwandiko wangu, "HARUSI – MAMA". Usijaribu kuucheza kwenye deki ya kuazima. Usimame kama kitabu, usilazwe, uufunge kwa gazeti ndani ya boksi lako la viatu, na umkabidhi dereva wa basi la asubuhi mkononi, asiuweke karibu na spika zake. Nitalipia huku.

Yale makasha mengine niletee polepole, ila uje nayo mwenyewe. Bila wewe nusu ya hao watu ni wageni kwangu. Mimi nilikuwa nyuma yako na taa, nawaona migongo.

Na ukikuta mkanda umeandikwa "GOR", omera, huo pia utume. Mechi ni dakika 90. Utepe ni wa dakika 180.

Wako,
Mshika taa