Barua ya wazi kwa vijana wa kusini wanaotaka kuacha ofisi waende kwenye lishe

Wanangu,

Shikamoo zenu zimefika, marahaba. Nimesoma mliyoniandikia. Kuna wa benki, kuna wa kampuni ya simu, kuna wa gesi, na wote mmechoka kukaa Dar es Salaam mkihesabu fedha za watu huku watoto wa kwenu wanadumaa. Mnataka kurudi Lindi na Mtwara mfanye kazi ya lishe. Siwazuii. Ila mshahara wenu ndio unaolipa ada za wadogo zenu, kwa hiyo hilo limalizeni na wazazi kabla hamjaandika barua ya kuacha kazi. Sitaki kuitwa kwenye vikao vya ukoo.

Karibu wote mmenitajia unga wa lishe. Jina mnalo, nembo mnayo, mfuko wa kung'aa mmeshauchagua. Huo unga naufahamu: mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga, na kadiri aina zinavyozidi ndivyo unavyoonekana wa maana. Tumebishana nao kliniki miaka mingi mpaka nimestaafu. Karanga ikishasagwa na kukaa mfukoni, mafuta yake huharibika. Kama ilianikwa vibaya huwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, nayo haiishi kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Tena soya inataka moto mrefu kuliko nafaka, na mama anayeuona uji umeshatokota hawezi kujua kwamba soya bado. Mtoto wa miezi saba anataka uji mzito wa nafaka moja au mbili, karanga nzuri iliyopondwa siku hiyohiyo, mbaazi au kunde zilizopondwa laini, majani, dagaa aliyesagwa. Hivyo vyote Nachingwea mtavipata, Kilwa mtavipata. Mama akinunua mfuko wenu, hela ya dagaa imekwenda.

Atakayeshikilia unga wake hata hivyo, aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kisha TBS, shirika la viwango, maana tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yako kwao.

Sasa nisikilizeni hapa. Mnakuja mkidhani mama wa kusini hajui chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, nao unatokana na sumu ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. Wanawake wale walijifunza kuandaa muhogo kwa bibi zao. Ukame ulipokuja, chakula kingine hakikuwapo, na siku za kuuacha muhogo ukauke sawasawa hazikuwapo pia, kwa sababu watoto walikuwa wanalia leo. Ukiwapelekea semina watu wa namna hiyo, utawafundisha nini?

Na msiangalie miaka ya njaa tu. Kuanzia Oktoba korosho zikianguka, mama yuko shambani tangu alfajiri anaokota. Mdogo ameachiwa dada yake wa darasa la tatu, anakula kiporo cha ugali wa muhogo na mchuzi, basi mpaka jioni. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala kule, ongezeni na shida ya maji. Mabibo, yale matunda ya mkorosho yanayoyashinda machungwa kwa vitamini C, yanakwenda kukamuliwa uraka, pombe yake. Fedha ya korosho ikiingia, mara nyingi anayeipokea siye anayepika. Kazi ya lishe iko hapo: nani anabaki na mtoto, nani anashika fedha, kisima kiko wapi. Nchi nzima udumavu umeshuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi 30 mwaka 2022. Mwendo huo ni wa kinyonga, na sidhani mifuko ya unga itauharakisha.

Ndiyo maana hesabu zenu nazihitaji kuliko unga wenu. Halmashauri zimeagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Kutenga ni kwenye karatasi. Kutolewa ni jambo jingine, na kutolewa kwa wakati ni jingine tena. Mtu wa benki anayejua kusoma bajeti, akakaa na afisa lishe na diwani wa kata yake, akauliza kwa adabu fedha ya robo hii iko wapi, huyo namtaka. Wa kampuni ya simu awasaidie akina mama wa vikoba kupanga zamu ya kulea watoto msimu wa korosho, na fedha ya kumlipa mlezi itoke wapi.

Anayetaka kuwa afisa lishe hasa, arudi darasani. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wanafundisha shahada ya lishe. Kozi za wiki mbili za mtandaoni zisikufanye ujiite mtaalamu mbele ya mtoto mwenye utapiamlo mkali. Huyo ni wa hospitali.

Kabla ya kuamua, njooni mkae kijijini Februari, akiba ikiwa imekwisha na mavuno bado. Msije Novemba, mtaona pikipiki mpya mkadhani tumeshiba. Na aliyeuliza kama gari yake ndogo itafika huku wakati wa mvua: haifiki. Panda bodaboda, na uje na buti.

Bibi yenu, mstaafu wa kliniki,
Mtama, Lindi