Mrija wa maji ya ubongo usimamiwe kwa makini zaidi

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mrija unaotoa maji ya ubongo kwa wagonjwa mahututi, hasa waliovuja damu kichwani au walioumia ajalini. Mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kwa siku, na njia yake ikiziba shinikizo hupanda haraka, hivyo mrija huo huokoa maisha. Hata hivyo, unaweza kuziba, kuvujisha damu unapopita, au kuingiza vijidudu, hasa ukifunguliwa mara kwa mara kuchukua sampuli.

Linalonisumbua zaidi ni kimo chake. Maji hutiririkia kwenye chombo kinachotundikwa kando ya kitanda, na alama ya sifuri ya kipimo chake hupangwa usawa wa tundu la sikio la mgonjwa. Kitanda kikiinuliwa kabla mrija haujafungwa na alama kupangwa upya, maji mengi hutoka kwa muda mfupi, ubongo ukasinyaa na mishipa midogo ya damu ikachanika, ilhali kikishushwa maji hukoma kutoka na shinikizo hurudi. Hata ndugu anayemwinua mgonjwa kwa huruma anaweza kusababisha hayo, naye hakuambiwa lolote.

Naziomba hospitali zetu zihakikishe kila zamu ina muuguzi aliyefunzwa kazi hii, kimo na kiasi cha maji vikaguliwe kila saa, na ndugu waelezwe siku ya kwanza kwamba kitanda hicho hakiguswi bila muuguzi kuitwa.

Muuguzi wa wagonjwa mahututi,
Dar es Salaam