Barua kwa mwanangu: siku uliposema "leo sishuki"

Mwanangu, baba yangu,

Assalaam alaykum. Huku Temeke sote wazima, kifua cha bibi yako kimetulia, na mvua za vuli zimeanza. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu nikigusa habari za Morogoro unageuza maneno, unaniuliza umeme na bei ya mchele. Dada yako ameniambia unawasimulia wenzako huko chuoni kwamba ulijiaibisha: mama mtu mzima kashuka mwamba kwa kamba, kijana karudi kwa njia ya miguu. Neno hilo limeniuma kwa sababu si kweli. Mimi nilikuwepo. Nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu, kisha utaamua mwenyewe.

Hofu tulikuwa nayo sote wawili. Mtu aliyekulia Mkuranga na kuolewa Dar, ambako mlima wetu ni Pugu, hana mazoea na genge la mwamba. Maji ya Ruvu tunayokinga bombani yanatoka kwenye milima ile ile ya Uluguru, lakini mimi nimeyatumia miaka yote bila kuuona mlima wenyewe kwa karibu. Treni ilipokaribia mji kasoro bahari na ile milima ikajaa dirishani, tumbo lilinikata. Nilikuwa nakuwaza wewe unayekuja kwa reli hiyo hiyo kutoka Dodoma, nikajiuliza kwa nini nilimkubalia yule mteja wangu wa kikundi cha matembezi kwamba tutakwea mwamba nao.

Kilichonipa moyo ni vifaa. Mwalimu wa kukwea alipovimwaga kwenye turubai, wewe uliona vyuma na kamba. Mimi niliona mishono. Nikapiga magoti nikaanza kuigeuza. Ile mikanda ya kiunoni na mapajani, hanesi, imeshonwa kwa mshono uliobanana ambao sindano inakwenda na kurudi palepale mara nyingi. Sisi mafundi cherehani tunautumia kwenye pembe za mifuko ya jinzi na kwenye vishikilio vya mkanda, mahali panapovutwa kila siku. Tena uzi wake ni wa rangi tofauti na mkanda. Mteja wangu hawezi kukubali kushonewa hivyo, lakini mwalimu alinieleza: rangi zikitofautiana, uzi ukikatika au ukisagika unauona papo hapo. Nilifurahi sana. Aliyeshona kitu kile alimfikiria mtu atakayekikagua.

Kamba nayo ina tabaka mbili. Nje kuna ala iliyofumwa, ndani kuna nyuzi zilizosokotwa, na hizo za ndani ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito. Ndiyo maana mwalimu alimkemea yule kijana aliyeikanyaga: mchanga ukipenya ndani unazisaga nyuzi usizoziona. Ni nailoni, na tabia za nailoni nazijua. Jua likiipiga muda mrefu inapauka na kudhoofika, na maji ya betri huila hata mahali ambapo jicho halioni doa, kwa hiyo kamba haiwekwi kwenye buti la gari karibu na betri. Ile ya kukwelea inanyumbuka ili ukiteleza ikupokee taratibu. Ya kushukia hainyumbuki sana, maana anayeshuka hataki kurushwarushwa. Zile pete za kufunga na kufungua, karabina, zimeandikwa ubavuni namba na herufi kN. Namba 20 maana yake inahimili mvuto wa takriban tani 2, na zetu zote zilizidi 20. Mimi, wewe na mwalimu tukipandishwa kwenye mizani pamoja hatufiki kilo 250.

Kuna jambo la mtandio nataka ulishike, kwa sababu una dada na una wanafunzi wenzako wanaojifunika. Mwalimu alinivuta pembeni akaniambia kwa heshima kwamba ncha za mtandio zisibaki zikining'inia, kifaa cha breki, kile cha kiunoni kamba inamopita wakati wa kushuka, kinaweza kuzivuta pamoja na kamba na mtu akakwama hewani shingo imebanwa. Nikauchomeka ndani ya blauzi, nikavua na pete ya ndoa. Ukienda na msichana anayejistiri, aambiwe nyumbani, avae kitu kinachobana kichwani. Asiambiwe akiwa ameshafungwa kamba mbele za watu.

Kwenye kukwea sitakaa sana, maana hapo ulinishinda na unajua. Uliambiwa mara moja kwamba miguu ndiyo inayopanda na mikono inashikilia tu, ukaelewa. Mimi niliukumbatia mwamba mpaka vidole vikafa ganzi. Nilikuona ukifuta viganja kwenye suruali kabla ya kuanza, na nilikuona ukisimama katikati, unapumua, unatafuta kwa utulivu mahali pa kuweka mguu. Ulipanda na hofu yako hadi juu.

Kule juu ndiko mambo yalikobadilika, na si kwako peke yako. Watu hudhani kupanda ndiko kugumu. Ukipanda, mwamba uko mbele ya macho, unaushika mwenyewe, kamba ni akiba tu. Kwenye kushuka, ile akiba ndiyo inakuwa kila kitu. Unaupa mgongo uwazi, unaegemea nyuma, na uzito wako wote unahamia kwenye kamba, kwenye kile kifaa cha kiunoni, na kwenye nanga, yaani pale juu kamba ilipofungwa kwenye mwamba sehemu mbili. Kimojawapo kikikosewa, hakuna mkono wa kudaka. Wapanda milima wa miaka mingi huwa makini mno hapo. Anayeogopa ukingo ule ana akili timamu.

Zamu yako ikafika. Ulikuwa umefungwa kwenye nanga kwa kikamba cha usalama, umesimama mbali kidogo na ukingo. Ulitazama nanga, ukaifuata kamba kwa macho, ukamuuliza mwalimu kama zile sehemu mbili zinabeba kwa pamoja au moja inasubiri nyingine ikatike. Akakujibu. Ukakaa kimya kidogo, kisha ukasema, "Mwalimu, leo sishuki." Hukumkasirikia mtu. Hukukimbilia kujifungua. Ulisubiri mpaka mwalimu akakusogeza mahali salama ndipo karabina ikafunguliwa. Wale vijana wawili nyuma yako walicheka, nawe hukuwajibu.

Baba, babu yako alikuwa mkwezi. Minazi ya Mkuranga aliijua mmoja mmoja. Alikuwa akifika chini ya mnazi anaugonga shina kwa kiganja, anatazama vidato kama vimeoza, anatazama kilele kinavyochezwa na upepo. Siku nyingine aligeuka akarudi nyumbani mikono mitupu, na wenye minazi wakanung'unika. Hakuwa na desturi ya kujieleza. Wiki ya pili unamkuta juu ya mnazi ule ule anaangua. Kijiji kizima kilimwamini, kwa sababu akikwambia mnazi huu unapandika, unajua mdomo huo huo uliwahi kuukataa. Mimi nilikua naona kukataa kule, na nilipokusikia pale juu ya mwamba nililitambua.

Tena ulikataa kwa wakati wake, ukiwa bado umesimama kwa miguu yako. Anayeona haya kusema hapana akajitosa, kisha akagandia katikati, huyo ndiye anayewapa watu kazi. Kuning'inia kwenye hanesi muda mrefu bila kutikisa miguu kunaweza kumzimisha mtu, kwa hiyo lazima mwalimu ashuke kumwokoa haraka. Wewe ulimwepusha na hilo. Yeye mwenyewe alisema jioni ile, wewe ukiwa umekwenda kununua maji, kwamba anatamani wanafunzi wake wote waulize swali ulilouliza wewe.

Sasa na mimi. Nilipofika ukingoni nilisimama wima, nikaiegemea kamba nusu, nusu nyingine nimeibakiza miguuni. Mwalimu akaniambia, "Mama, kaa." Akanieleza sababu. Ukisimama wima uzito unakwenda chini, nyayo zinateleza kwenye jiwe na unaugonga mwamba kwa uso. Ukikaa nyuma kabisa, miguu ikanyooka kuuelekea mwamba, nyayo zinajikandamiza kwenye jiwe na zinashika. Nikakaa. Mkono wa breki ulibaki chini ya kiuno muda wote: ukiulegeza kamba inapita, ukiubana unasimama. Kulikuwa na kikamba chembamba kimezungushwa kwenye kamba kubwa, ambacho kingejibana chenyewe kama ningeachia. Mafundo ya namna hiyo yanatokana na la Mwaustria mmoja, Karl Prusik, lililojulikana tangu 1931. Na mwalimu alikuwa ameshika kamba ya pili iliyofungwa kwangu.

Unaona ninavyokuhesabia vitu hivi? Ndivyo nilivyovihesabu nikiwa ukingoni. Nilishuka kwa sababu nilikuwa nimekagua kila mshono na swali langu la mwisho lilikuwa limejibiwa. Lingebaki swali moja tu, ningekufuata kwenye njia ya miguu. Lako lilikuwa bado, hata kama hukuweza kulitamka. Tofauti yetu siku ile ni hiyo tu. Ushujaa haukuwa kwangu ukakosekana kwako.

Shangazi yako anasema haya ni mambo ya Wazungu, tuyaache. Nimemkumbusha kwamba uhuru ulipoingia 9 Desemba 1961, bendera na mwenge vilipandishwa Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda, na kwamba Mawenzi, kilele cha mita 5,149 cha mlima huo huo wetu, hakifikiki bila kamba na ujuzi. Akaguna. Simlaumu, anakupenda.

Jambo linalonikosesha usingizi ni hili la Desemba. Nasikia wenzako wanapanga kujaribu wenyewe kwenye majabali ya huko Dodoma, na kwamba kamba wameshanunua dukani. Kama ni kamba ya manila ya kufungia mizigo kwenye malori, baba, usiikaribie, wala usimwache rafiki yako aikaribie. Haikutengenezwa kupokea mtu anayeanguka, na hakuna anayejua imelala juani miaka mingapi. Bila mwalimu anayeijua kazi, msiende. Mkimpata, basi kila mmoja amkague mwenzake kabla hajaondoka chini, kwa macho na kwa vidole: vifungo vya mikanda ya hanesi vimekazwa, fundo la nane, lile lenye umbo la namba 8 linalofunga kamba kwenye hanesi, limerudi kwenye njia yake lote na mkia wake ni mrefu wa kutosha, karabina imefungwa kwa kizuizi chake, kofia ngumu iko kichwani hata kwa anayesubiri chini, maana mawe huanguka. Kwenye kushuka, mwisho wa kamba upigwe fundo kubwa. Kuna watu wameteleza wakaimaliza kamba hewani kwa kukosa fundo hilo moja. Na atakayesema "leo sishuki" asichekwe. Hilo nakuomba ulisimamie wewe, kwa sababu unajua linavyouma.

Nimezungumza na yule mteja wangu. Kikundi kinarudi Uluguru mwezi wa kwanza. Mwalimu amesema kuna genge fupi lililolala, ambalo mtu anashuka kwa kamba karibu anatembea, na anaweza kukuanzishia hapo, kwa mwendo wako. Ukitaka, nitakulipia nafasi. Usipotaka, tuwaache wao na kamba zao, mimi na wewe tupande kwa miguu mpaka Morningside, tukae tuuangalie mji, tushuke tukale. Majibu yote mawili nitayapokea kwa moyo mmoja, wala sitauliza sababu. Nijulishe tu kabla ya mwisho wa mwezi huu, nikate tiketi za treni mapema, maana sikukuu zikikaribia nafasi zinakwisha.

Hela ya matumizi nimetuma jana jioni, angalia simu yako.

Ni mimi mama yako,
Temeke, Dar es Salaam