Dawa mseto za saratani ya damu zijaribiwe na huku kwetu

Ndugu Mhariri,

Mama alianza kutokwa damu kwenye fizi kila akipiga mswaki. Tukadhani ni meno. Ilipobainika kuwa ni lukemia kali, saratani ya damu inayokwenda kasi, daktari alitueleza kwa upole kwamba kwa miaka yake 74 asingehimili kemo nzito, yaani dawa kali za kuua saratani. Kazi yetu ikawa kutafuta wachangia damu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 431 wa hali kama yake. Wote walidungwa azasitidini, dawa ya saratani, lakini baadhi waliongezewa vidonge vya venetoklaksi. Nusu ya waliopata sindano bila vidonge hivyo walifariki ndani ya miezi 9.6. Kwa waliopata mseto ilikuwa miezi 14.7. Miezi mitano hiyo ingemfikisha mama kwenye harusi ya mdogo wangu.

Mseto tunaujua tangu kwenye malaria na ARV: kinachoponyoka dawa moja kinakutana na nyingine. Na kwenye saratani ya damu, Afrika Mashariki ilikuwa mbele. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1967, ilipokea watoto waliovimba taya kwa limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu. Daktari John Ziegler na wenzake waliwajaribia dawa kadhaa kwa pamoja, na mwaka 1972 kazi hiyo ikatunukiwa Lasker, tuzo kubwa ya Marekani ya utafiti wa tiba. Watoto wa Uganda waliifundisha dunia.

Leo wazee wetu nao wahesabiwe. Matokeo ya ng'ambo hayatoshi, maana mseto huu una ukali wake: homa inayokuja chembe nyeupe zikishuka iliwapata asilimia 42 ya waliopewa mseto, na asilimia 19 ya wenzao. Homa hiyo katika wodi yenye vitanda vilivyobanana, ndugu wakihangaikia chupa ya damu, ni hatari nyingine kabisa. Je, vidonge vitolewe siku chache zaidi kila mwezi? Dawa gani za kukinga maambukizi ziende navyo? Hayo yanajibiwa wodini kwetu tu.

Naziomba wizara zetu za afya na taasisi za utafiti zigharimie majaribio hayo, na atakayefaidika asikatiwe dawa utafiti ukiisha. Fomu za ridhaa ziwe kwa Kiswahili. Mama alitia dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nimekubali nini?"

Msomaji wako,
Tanga