Lugha si pambo la filamu

Mhariri,

Filamu ya kigeni inayosimulia Afrika inapotoka, mimi hutega sikio kwanza, ndipo nitazame picha. Mwaka 1994, katika filamu ya katuni The Lion King, Disney ilituletea Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi, majina ya Kiswahili kitupu, huku wimbo wa kufungulia ukianza kwa Kizulu. Kiswahili chenyewe kiliishia kwenye majina, kibwagizo cha nyani Rafiki na "hakuna matata", maneno ambayo baadaye kampuni hiyo iliyasajili Marekani kuwa alama yake ya biashara. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tofauti niliiona kwa John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini. Alipoigiza mfalme wa Wakanda katika filamu ya 2016, Captain America: Civil War, ndiye aliyeshauri Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini, kitumike, na Chadwick Boseman, Mmarekani aliyeigiza mwanawe, akakubali kujifunza. Wakanda ni nchi ya kubuni, lakini mtazamaji wa Eastern Cape, jimbo la Afrika Kusini wanakoishi Waxhosa wengi, alisikia vidoko vya lugha ya mama yake. Sisemi Mswahili aigizwe na Mswahili tu. Nasema mwalimu wa lugha alipwe, na apewe nafasi ya kusahihisha kabla kamera haijawashwa.

Na hapa kwetu je? Mara ngapi nafasi ya mlinzi wa Kimasai katika vichekesho vyetu imepewa mtu asiyejua hata neno moja la Kimaa, akavunjavunja Kiswahili ili tucheke? Watayarishaji, Wamasai wenye kipaji wapo. Waiteni.

Msomaji wenu,
Arusha