Barua ya wazi kwa mdogo wangu: hotuba huandaliwa kwa mdomo

Mdogo wangu,

Habari za Mtwara? Nimesikia mwalimu wenu wa Stadi za Mawasiliano ametoa ratiba, kila mmoja atasimama mbele ya darasa kwa dakika 5, na wewe umeniuliza uandike nini. Nakuwahi hapohapo: usianze kwa kuandika. Anayesoma akipotea hurudi mistari miwili juu. Anayesikiliza akipotea hana pa kurudi, anabaki anakutazama tu. Hotuba nyingi za mwaka wa kwanza huharibikia mezani, siku nne kabla, pale mtu anapoandika insha nzuri halafu anajaribu kuisema.

Tuanze na muda, kwa sababu ndiyo unaowaponza wengi. Mtu anayezungumza Kiingereza kwa mwendo wa kueleweka hutoa maneno 120 hadi 150 kwa dakika. Kwa Kiswahili idadi hushuka, kwa kuwa neno letu moja kama "watakaponiuliza" limebeba kazi ya maneno manne ya Kiingereza. Usichukue hesabu hizo kwa imani. Washa kinasa sauti cha simu, zungumza dakika 1 kamili, kisha sikiliza uhesabu. Hiyo ndiyo kasi yako. Kwa Kiingereza, dakika 5 ni kama maneno 600, ukurasa mmoja na kidogo. Wanaokuja na kurasa nne hufika dakika ya tatu wakaanza kukimbia, na wakikimbia hamezi mtu mate wala haelewi. Gawa hivi: utangulizi sekunde 40, kiini dakika 3 na nusu, hitimisho sekunde 30. Sekunde 20 zinazosalia ni za kuvuta pumzi na za mambo usiyoyapanga.

Mada, sasa. "Korosho" si mada, ni msimu mzima. Bana mpaka upate sentensi moja inayosema msikilizaji ataondoka na nini: "Nikimaliza, utaweza kueleza kwa nini korosho isiyokauka huharibikia ndani ya gunia." Sentensi ikikushinda, mada bado pana. Chini yake weka hoja mbili tu. Ya kwanza: korosho iliyookotwa bila kuondolewa nyama ya bibo, lile tunda linaloishikilia, inabeba unyevu, ndani ya gunia unyevu hauna pa kutokea, ukungu unaingia. Ya pili: kuanika juani, kugeuza, na kuchambua kabla ya kupeleka ghalani. Basi. Hoja ya tatu itakula muda wa mfano, na mfano ndio watu wanaoukumbuka.

Vidokezo usiviandike kwenye karatasi nyembamba ya A4. Mkono ukitetemeka kidogo, karatasi ile hutetemeka maradufu na kutoa sauti, na darasa zima linajua. Nunua manila nzito dukani, kata vipande vya ukubwa wa robo ya A4, vinne vinatosha. Andika upande mmoja, herufi kubwa, mistari isiyozidi mitano, na upe kila kipande namba pembeni, maana vikianguka bila namba utaokota hotuba nyingine kabisa. Kipande cha hoja ya kwanza kinaweza kusomeka hivi tu:

2. BIBO limebaki
unyevu – gunia – UKUNGU
(inua korosho ya kwanza)
NYAMAZA
kwa hiyo: kuanika

Sentensi mbili pekee ndizo uziandike nzima na kuzikariri, ya kufungulia na ya kufungia. Nyingine zitoke zikiwa mpya kila unapofanya mazoezi. Anayekariri yote, neno moja likimtoka, na yaliyobaki yanaondoka nalo. Simu nayo iache mkobani: kioo huzima, ujumbe huingia, kidole kinahangaika.

Kama utaleta korosho ya kuonyesha, kumbuka kuwa kutoka mstari wa nne haionekani. Ichore kubwa kwenye manila, iinue kwenye usawa wa kifua, sema, kisha ishushe. Usiizungushe darasani unapoendelea kuzungumza. Kila inapofika, vichwa vitatu vinainama na hao umewapoteza. Slaidi ukizitumia, maandishi yawe makubwa, ukubwa wa 28 kwenda juu, na ujue utasema nini umeme ukikatika.

Mazoezi ni kwa kusimama na kwa sauti. Kupitia kimoyomoyo kitandani hakuhesabiki, kwa sababu ulimi haujafanya kazi. Fanya mara sita katika siku tatu: mbili peke yako, mbili ukijirekodi, mbili mbele ya rafiki. Mpe rafiki kalamu, apige mstari kila unaposema "yaani", "nanihii" au "kwa hiyo" isiyo na kazi. Ukiona mistari 20 usijilaumu. Maneno hayo hujaza pale akili inapotafuta sentensi inayofuata. Dawa ni kufunga mdomo sekunde hiyo. Kwako kimya kitaonekana kirefu, kwao ni pumzi tu. Jioni moja nenda ufukweni Shangani, msimamishe rafiki hatua 15 kutoka ulipo, uongee bila kupiga kelele mpaka akusikie juu ya upepo. Utagundua sauti inasukumwa na tumbo, koo linapitisha tu. Darasani upepo huo ni pangaboi, au mvua juu ya bati. Mvua ikizidi, simama, subiri ipungue. Kushindana nayo kunakausha koo na hakuna atakayesikia.

Kufungua. Sisi tumelelewa kwenye mikutano ya "itifaki imezingatiwa", tukaamini bila salamu ndefu tumekosa adabu. Katika dakika 5, kutaja mwalimu, kiranja wa darasa, wanachuo wenzangu, kisha "kwa majina naitwa" na "naomba mnivumilie sijajiandaa vizuri" kunakula nusu dakika na kuwafundisha watu wasitarajie kitu. Sema "Habari za asubuhi", nyamaza kidogo, ingia: "Gunia hili linanuka. Mwezi uliopita lilikuwa pesa." Adabu yako itaonekana kwa ulivyojiandaa.

Macho yatakusumbua. Nyumbani tumefundishwa kutomkodolea mkubwa macho, na ni malezi mazuri, lakini darasani ukitazama sakafu wanadhani unaficha jambo. Ligawe darasa mafungu matatu. Sentensi moja kwa mtu mmoja wa fungu hili, inayofuata kwa mtu wa fungu jingine. Mwalimu ni msikilizaji mmoja kati yao, usimhutubie yeye tu.

Hofu haitakuisha, wala usiisubiri iishe. Adrenalini inapandisha mapigo ya moyo na kukausha mdomo, na kwa wengi huwa kali zaidi mwanzoni, kisha hushuka. Ndiyo sababu nimesisitiza sentensi ya kwanza uikariri: inakuvusha hapo. Kabla ya kuinuka, vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, mara tano. Kula asubuhi, beba maji.

Kuhusu lugha: ukitakiwa kuzungumza Kiingereza, usiandike Kiswahili kisha ufasiri neno kwa neno. Panga hoja kwa Kiswahili, ziseme kwa Kiingereza cha sentensi fupi, na neno linalokukwaza mara tatu libadilishe. Lafudhi ya kwetu haina kosa. Rekebisha tu panapogeuza maana, kama kwa Kiswahili anayesema "mahali" akimaanisha "mahari", au "kula" pale alipotaka "kura".

Baadaye mtafika hotuba ya kushawishi. Hapo tumia mpangilio wa Alan Monroe, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alioutoa miaka ya 1930: vuta usikivu, onyesha tatizo, toa suluhisho, wape picha ya hali ikifuatwa au ikipuuzwa, kisha omba tendo. Mada ya kangomba, ulanguzi wa korosho, inafaa sana. Mkulima ana shida ya pesa, mlanguzi anamfuata nyumbani, korosho inaondoka kwa bei ya chini kabla ya mnada. Wanafunzi wengi huruka hatua ya pili, wanamhimiza mkulima asubiri stakabadhi ghalani, yaani apeleke korosho ghalani alipwe baada ya mnada, bila kugusa ada ya shule anayodaiwa leo, na mtoto wa mkulima aliyekaa mstari wa nyuma anaacha kuwasikiliza.

Kabla ya siku yako ya kusimama mwombe mwalimu mwongozo wake wa alama, uone muda una alama ngapi. Kisha nitumie rekodi yako ya kwanza, ileile utakayotamani kuifuta.

Kaka yako