Wekundu wa ramani joto hautoshi

Mhariri,

Wenye tovuti za biashara wakiona wekundu kwenye ramani joto, yaani picha ya ukurasa inayoonyesha kwa rangi wageni wanabofya wapi na wanashuka hadi wapi, hudhani mambo safi. Kwenye ramani ya mibofyo, wekundu ni wingi wa mibofyo tu. Wageni wakibofya mno picha isiyo na kiungo, hapo pana kasoro ya usanifu, si mafanikio.

Ramani za simu na za kompyuta zisomwe mbalimbali, maana kitufe kinachoonekana juu kwenye kompyuta huweza kuzama chini kabisa kwenye simu. Nusu ya wageni wakiishia kabla ya kufikia bei, bei ipandishwe juu. Ziara hamsini hazitoshi kuamua lolote. Elfu moja kwa ukurasa ni afadhali.

Na sehemu za nywila na namba za simu zifichwe kabla ya kurekodi ziara za wageni: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

Msanifu wa tovuti,
Dar es Salaam